Namna ya Kushughulikia Mahudhurio Hafifu Vyuoni na Kumpata Mwenye Kuwajibika

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa idara, wahadhiri, wakufunzi, walezi wa wanafunzi na viongozi wa darasa katika vyuo vya Mtwara na Lindi, viwe vyuo vikuu, vya ualimu, vya afya, vya utumishi wa umma, vya VETA au vya maendeleo ya wananchi. Wanafunzi na wazazi nao wana sehemu yao. Msimamo unaoongoza hatua zote ni huu: kila kipindi alichokosa mwanafunzi kina sababu, na kila sababu ina mtu mwenye uwezo wa kuiondoa, huyo mwenye uwezo ndiye mwenye kuwajibika, awe mwanafunzi mwenyewe, mhadhiri, mpanga ratiba, mhasibu wa chuo au mzazi aliyeko Tandahimba. Malumbano ya jumla, yale ya wahadhiri kusema kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma na vijana kujibu kwamba wahadhiri hawafundishi, hayamrudishi mwanafunzi darasani, kwa sababu yanamtafuta mkosaji mmoja wa makosa ambayo ni ya watu wengi.

Daftari linalosema kweli

Hatua ya kwanza ni kuwa na daftari la mahudhurio linaloaminika. Katika madarasa mengi kilichopo ni karatasi inayozungushwa kutoka benchi hadi benchi huku mhadhiri akiendelea kufundisha, nayo hurudi mbele ikiwa na majina mengi kuliko vichwa vilivyomo ukumbini. Ichukue karatasi hiyo uitazame vizuri: utakuta saini nne zilizofuatana, zote kwa wino mmoja, zote zikiishia kwa mkia uleule unaopinda kushoto, ilhali waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa wawili. Wanafunzi huona kusainiana kwa namna hii kuwa ni kusaidiana, na mwenye kukataa kumsainia mwenzake huonekana mchoyo. Ubaya wake si udanganyifu peke yake. Yule anayekosa vipindi kwa shida ya kweli, ambaye rafiki zake wanamsitiri kwa saini, hugundulika siku ya mtihani, wakati ambapo hakuna tena cha kumfanyia.

Dawa haihitaji mashine ya alama za vidole. Mhadhiri ahesabu vichwa mbele ya darasa, aandike idadi hiyo juu ya karatasi kwa mkono wake, kisha aioanishe na saini kabla hajatoka ukumbini. Darasa likiwa dogo, aite majina, kwa kuwa kuitwa jina kuna faida nyingine: mwanafunzi anajua kwamba kuna mtu anayemfahamu. Darasa likiwa la mamia, achague majina kumi bila mpangilio na kuyaita, na muda wa kuita ubadilike, leo mwanzoni, kesho katikati, ili asizoeshe watu kuja kusaini na kuondoka. Kazi hii asiachiwe kiongozi wa darasa, yaani CR. Huyo anaishi geto moja na wenzake, anakula nao na kukopeshana nao nauli ya bajaji, kwa hiyo kumfanya askari wao ni kumwonea, na mara nyingi atachagua urafiki.

Kuna safu moja ambayo madaftari mengi hayana, nayo ni ya mhadhiri mwenyewe. Iongezwe. Kila kipindi kilichopangwa kwenye ratiba kiandikwe kama kilifundishwa, kilianza saa ngapi, au kiliahirishwa na kwa sababu gani, na safu hii ndiyo inayostahili kukaa mikononi mwa CR. Mwanafunzi aliyetembea kutoka Mikindani alfajiri ili awahi kipindi cha saa moja asubuhi, akafika na kukuta ujumbe wa WhatsApp unaosema kipindi kimehamishiwa Jumamosi, hatakimbia namna ile tena. Chuo kinachodai mahudhurio ya mwanafunzi bila kuandika ya mwalimu hakina haki ya kulalamika, na ninalisema hili nikijua kwamba wenzetu wengi hawatalipenda.

Lisome daftari wiki ya tatu

Daftari ambalo hufunguliwa wiki moja kabla ya mtihani ni la kuhukumia tu. La kurekebisha husomwa mapema, na wiki ya tatu ndiyo ya mwisho yenye manufaa, kwa sababu za hesabu. Vyuo vingi nchini huweka kiwango cha chini cha asilimia 75 ya mahudhurio ili mwanafunzi aruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho wa muhula, na baadhi ya vile vyenye mafunzo mengi ya vitendo huweka kiwango cha juu zaidi. Cha kwako kitafute katika kitabu cha kanuni za mitihani. Chukua kozi yenye vipindi viwili kwa wiki katika muhula wa wiki 15 za masomo. Jumla ni vipindi 30, na asilimia 75 yake inamtaka mwanafunzi ahudhurie angalau 23. Anaweza kukosa 7, si 8. Sasa mfikirie aliyechelewa kuanza kwa wiki nne kwa kukosa ada: amekwisha kukosa vipindi 8, na hata kama hatakosa hata siku moja hadi mwisho, atafikia asilimia 73. Kanuni imemtoa kwenye mtihani kabla hajakaa kitini.

Kwa hiyo, mwishoni mwa wiki ya tatu, mkuu wa idara akae na wahadhiri wake wakiwa na madaftari yote, kwa saa moja tu, watengeneze orodha ya waliokosa vipindi viwili au zaidi katika kozi yoyote. Kisha wasiangalie idadi peke yake, waangalie namna vipindi vilivyokosekana. Anayekosa kozi zote tangu mwanzo kwa kawaida hajasajiliwa au hana fedha. Anayekosa vipindi vya asubuhi tu anaishi mbali, au anafanya kazi usiku. Anayekosa Ijumaa mchana ana sababu ambayo mpanga ratiba angeijua kwa kuuliza. Nusu ya darasa ikikosa kozi moja na kuhudhuria nyingine zote, tatizo halimo kwa wanafunzi hao hata kidogo, limo katika kozi hiyo. Na mwanafunzi wa kike anayehudhuria kila mahali isipokuwa kwa mwalimu mmoja anahitaji kuulizwa kwa faragha na mwanamke anayemwamini. Nitalirudia jambo hili.

Ada, usajili na msimu wa korosho

Hapa ndipo mikoa yetu inapotofautiana na kwingine, na hapa ndipo ninapoomba wahusika watulie. Mwaka wa masomo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kuokota korosho, kuzikausha, kuzipeleka ghala la chama cha msingi cha ushirika na kusubiri mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008, mkulima hapokei fedha siku anayopeleka mzigo. Hupokea baada ya mnada kufanyika, mnunuzi kulipa na malipo kupita kwa chama chake hadi akaunti yake ya benki. Kati ya siku ya kupima na siku ya kupokea hupita siku ambazo mkulima hawezi kuziharakisha. Mtoto wake wakati huo ameripoti chuoni, au amebaki nyumbani kwa sababu mbili kwa pamoja: ada haipo, na mikono ya kuokota haitoshi.

Asiyelipa hasajiliwi, asiyesajiliwa jina lake halimo katika daftari, na ambaye jina lake halimo huona aibu kuingia darasani. Wapo wanaoingia na kukaa nyuma, na jina linaposomwa bila wao kutajwa hutoka kimyakimya na hawarudi hadi ada ipatikane. Wiki nne hupita. Chuo huandika "mtoro". Mimi naona mwenye kuwajibika hapa, kwa sehemu kubwa, ni ofisi ya fedha na ofisi ya usajili, kwa kuwa msimu wa korosho haujawahi kuwa siri Mtwara wala Lindi.

Lililo ndani ya uwezo wa chuo ni kuweka utaratibu wa malipo kwa awamu unaofuata msimu. Mzazi mkulima alete barua ya chama chake cha msingi inayothibitisha kwamba ni mwanachama na kwamba amepeleka mzigo wa msimu huo ghalani. Kwa barua hiyo na malipo ya awali ya kiasi kidogo, mwanafunzi asajiliwe kwa muda, aingizwe katika daftari, na apewe tarehe ya kumalizia iliyo baada ya minada ya mwanzo. Kwa familia za Ruangwa, Nachingwea na Liwale ambazo hutegemea pia ufuta na mbaazi, mauzo huja katikati ya mwaka, hivyo kwao awamu kubwa yaweza kuwekwa kabla chuo hakijafunguliwa, fedha ikiwa bado ipo. Jambo la pili ni kuandika majina ya wasiosajiliwa katika karatasi ya nyongeza ya daftari tangu siku ya kwanza, ili usajili ukikamilika mahudhurio yao ya nyuma yahesabiwe. Hili halina gharama yoyote, na sijaona sababu ya chuo kulikataa.

Mwanafunzi naye ana wajibu katika hili. Asibaki nyumbani hadi fedha zikamilike. Aende chuoni siku ya kufungua, aende ofisi ya mlezi wa wanafunzi kabla ya darasa, aeleze hali ya nyumbani kwa maandishi na aombe aingizwe katika karatasi ya nyongeza. Mficha uchi hazai. Ofisi haiwezi kusaidia shida ambayo haikuambiwa. Mzazi, kwa upande wake, aamue mapema kama anahitaji kibarua wa kuokota au anahitaji mwanafunzi, kwa sababu kumwita kijana kutoka chuoni kila mwisho wa juma hadi Jumanne humgharimu zaidi ya ujira wa kibarua huyo, iwapo kijana atalazimika kurudia mwaka.

Mkopo hauondoi tatizo lote. Wanaopata fedha za Bodi ya Mikopo walipandishiwa posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, nayo huwafikia kwa mafungu. Kabla ya boom, yaani fungu la fedha hizo, kuingia, na katika wiki za mwisho kabla ya fungu linalofuata, utaona mahudhurio yakishuka, hasa kwa waliopanga mitaani. Wanafunzi wengi wa astashahada na stashahada hawana mkopo kabisa. Hao huuza vocha, huendesha bodaboda ya mtu au hukaa kwenye kibanda cha uwakala wa fedha za simu, na kuwataka waache kazi hizo bila kuwapa kingine ni maneno matupu. Kinachowezekana ni ratiba inayokaa mahali pamoja.

Ratiba, ukumbi na anayefundisha

Mpanga ratiba aipitie kazi yake akiwa na maswali machache. Je, kuna kundi lenye kipindi kimoja saa moja asubuhi na kingine saa kumi jioni, na katikati hakuna kitu? Mwanafunzi asiye na nauli ya safari mbili atachagua kimoja. Je, Ijumaa kuna kipindi kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana? Katika miji ya Mtwara, Lindi, Mikindani na Kilwa, ambako Waislamu ni wengi, hicho ni kipindi ambacho chuo kimekipanga kisihudhuriwe. Mwezi wa Ramadhani, vipindi vinavyoishia saa moja usiku vihamishwe, kwa kuwa aliyefunga anatakiwa kufuturu na si rahisi kumweka kitini. Waadventista wana Jumamosi yao. Vipindi vya fidia visiwe Jumamosi kila mara.

Kuhusu ufundishaji, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ukweli wake unajulikana. Mhadhiri anayesimama na kusoma kutoka ukutani maandishi yaleyale aliyokwisha kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp amewaambia wanafunzi, bila kusema, kwamba hawana haja ya kuja. Desa, yaani maandishi hayo ya kukariri, wanalo, watalisoma usiku wa kuamkia mtihani. Njia ya kurekebisha ni kuweka darasani kitu ambacho desa halina: swali la kukokotoa linalofanywa papo hapo na kusahihishwa, kesi ya kujadili, jaribio fupi la dakika kumi ambalo alama zake zinaingia katika tathmini endelevu. Mwanafunzi wa uhasibu apewe takwimu za mauzo ya chama cha msingi azifungie hesabu; wa ualimu asimame afundishe wenzake mada ya darasa la nne huku wakimkosoa. Katika karakana za VETA na katika wodi za mafunzo ya uuguzi jambo hili liko wazi zaidi, kwa sababu aliyekosa siku ya kuchomelea au ya kutundika dripu hakuna karatasi itakayompa mkono wa kazi.

Narudi kwa mwanafunzi wa kike anayemkwepa mwalimu mmoja. Inawezekana ana sababu ndogo, na asidhaniwe jambo kabla ya kusikilizwa. Inawezekana pia anadaiwa rushwa ya ngono na ameona njia pekee ya kujinusuru ni kutokuonekana. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inalitaja kosa hilo, na taarifa hupokelewa na TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, ambayo namba yake ya simu ya bure ni 113. Mlezi amweleze mwanafunzi haki hiyo, amwelekeze Dawati la Jinsia la chuo kama lipo, na kamwe asiende kumuuliza mwalimu huyo kwanza "ili kusikia upande wa pili", kwa kuwa kwa kufanya hivyo atakuwa amemtaja aliyelalamika. Vipindi alivyokosa kwa sababu hiyo visihesabiwe dhidi yake.

Mazungumzo na mwanafunzi

Orodha ya wiki ya tatu ikishapatikana, kila aliyemo aitwe, mmoja mmoja, na mtu mmoja, kwa ujumbe usiotisha. Akishasema "shikamoo, Mwalimu" na kuitikiwa, asianze kuulizwa kwa nini haji darasani, maana swali hilo hujibiwa kwa "nilikuwa naumwa" na mazungumzo yanaishia hapo. Aulizwe anaishi wapi na nani, anakuja chuoni kwa usafiri gani, jana alikula wapi, na kozi gani inamwelemea. Nimeona mengi yakijitokeza katika jibu la swali la chakula. Kisha waangalie daftari pamoja, wahesabu vipindi vilivyobaki anavyoweza kukosa, na waandike namba hiyo. Wengi hushtuka kuona ni viwili au kimoja.

Kwa ruhusa ya mwanafunzi mwenyewe, ambaye kwa kawaida ni mtu mzima wa miaka 18 au zaidi, mzazi au mlezi apigiwe simu. Mzazi aliyeko Newala mara nyingi anaamini mtoto yuko darasani kwa sababu fedha ya matumizi imetumwa. Asiambiwe "mwanao ni mtoro". Aambiwe tarehe, kozi, na kinachohitajika kutoka kwake.

Zipo dharura ambazo hazina mkosaji, na chuo kiziandalie fomu moja fupi ya ruhusa inayoweza kujazwa hata baada ya tukio. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam upande wa Kilwa, aliyekuwa upande wa pili hakuwa na namna ya kurudi kwa barabara hiyo hadi itengenezwe. Malaria, msiba na kujifungua ni vya kundi hilo. Masharti ya kupata ruhusa yawe machache, la sivyo wanafunzi watarudi kwenye kusainiana.

Sehemu ya mwanafunzi

Baada ya yote hayo kuondolewa, hubaki wale ambao hawana kikwazo chochote. Ada imelipwa, chumba kiko karibu, mhadhiri anafundisha vizuri, na bado saa tatu asubuhi wamelala kwa sababu walikesha wakitazama mpira au wakichezea simu. Hao wajibu ni wao, na kuwabembeleza si kuwapenda. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani na za kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Hakuna desa la kurasa 40 linalozijaza saa hizo. Matokeo yake yanajulikana kwa majina: sapu (mtihani wa marudio), kukeri (kubeba kozi hadi mwaka unaofuata), na hatimaye kudisko (kuondolewa chuoni), baada ya mzazi kuuza gunia kwa gunia kulipia mwaka ambao haukuwepo.

Anayetaka kurudi darasani baada ya kukosa wiki kadhaa aanze kwa kumwona mhadhiri ana kwa ana kabla ya kipindi, si kwa ujumbe. Aombe kujua mada zilizopita na kazi alizokosa, akubali kwamba baadhi ya alama hazitarudi, kisha ajiunge na kundi la watu watatu au wanne wanaohudhuria, maana peke yake atakata tamaa kipindi cha pili atakapokuta haelewi. Akae mbele kwa wiki mbili za mwanzo. Simu ibaki kwenye begi.

Adhabu, inapobidi

Kumzuia mtu mtihani ni hatua halali, na kiwango cha chuo kisipotekelezwa kabisa, wanaohudhuria huonekana wajinga. Lakini idara ihakikishe kwanza kwamba hesabu imefanywa juu ya vipindi vilivyofundishwa kweli, si vilivyopangwa, kwa kutumia ile safu ya mhadhiri. Barua ya kumzuia itaje kozi, idadi ya vipindi vilivyofundishwa, tarehe alizokosa, tarehe aliyoitwa kwa mazungumzo na jina la aliyemwita. Idara isiyoweza kujaza mambo mawili ya mwisho irudishe jina la mwanafunzi huyo katika orodha ya mtihani, kwa kuwa haikumwita alipokuwa bado na vipindi vya kuokoa. Nakala ya barua ihifadhiwe pamoja na daftari la kozi, si katika faili la nidhamu la mwanafunzi peke yake, ili mpanga ratiba na mhasibu waisome kabla ya kufungua muhula unaofuata.